Wajumbe wa Zambia

Gungu, Kigoma
Alhamisi, 1 Machi 2012

Kwa Lyse Inamahoro,

Mambo? Hunijui. Naitwa Regina Polycarp, niko kidato cha tatu. Mwalimu Asnath, yule anayekuja kwenu kila Alhamisi kufundisha mdahalo, ametupanga wawili wawili, mmoja wa mjini na mmoja wa kambini. Mimi nimeangukia kwako. Kuanzia leo mimi na wewe ni ujumbe wa Zambia kwenye Baraza la Mfano la Umoja wa Mataifa, tarehe 26 Mei, hapa Kigoma. Mada ni uvuvi katika Ziwa Tanganyika. Nchi nne zenye ziwa zitakaa meza ya mbele.

Nilitaka tupewe Tanzania. Wamepewa wavulana wa shule ya Katubuka. Haya, ni Zambia basi, na tutawashinda.

Mwalimu anasema mjadala utakwenda kwa Kiswahili na kwa kanuni zinazofanana na za Bunge, kwa hiyo maneno lazima tuyajue. Naanza na rahisi. Huzungumzi na mjumbe mwenzio, unazungumza na Mwenyekiti. Ukimaliza kueleza unasema "naomba kutoa hoja", na mtu mwingine lazima asimame aseme "naafiki", la sivyo hoja yako imekufa hapohapo. Akidi ni idadi ya watu inayotakiwa ili kikao kiwe kikao. Ikipungua, hata mkiongea mpaka kesho mnapiga soga tu.

Andika usichokielewa. Barua ataibeba Mwalimu.

Mjumbe mwenzako,
Regina


Kambini
8 Machi 2012

Mpendwa Regina,

Amahoro. Nimeipokea barua yako na nimeisoma mara nne. Kaka yangu Calixte naye ameisoma, maana hapa kwetu barua ya mtu mmoja ni ya nyumba nzima.

Kwanza nikuambie ukweli: ziwa lenyewe sijaliona. Nimezaliwa hapa kambini mwaka 1995, miezi michache baada ya mama kuvuka mpaka. Ninajua dagaa wakiwa wamekauka. Nikisoma habari za makokoro yanayokomba samaki wachanga, ninamwuliza Mzee Bonifasi, mwenyekiti wa kijiji chetu hapa kambini, ambaye zamani alivua Rumonge, ziwani upande wa Burundi. Ananionyesha kwa mikono jinsi kokoro linavyovutwa kuja ufukweni. Kwa hiyo Zambia ina mtaalamu.

Tunafanya mazoezi jioni. Calixte ndiye Mwenyekiti, anakaa juu ya dumu. Anajitahidi, ila kwake l na r ni ndugu: "Wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki wakae kimya mpaka niwaurize." Mama anacheka kidogo. Nimefurahi kumwona akicheka. Tangu alipohojiwa mwezi wa kumi na moja, amekuwa mtu wa kukaa akitazama mlango. Familia zote zilihojiwa: kwa nini huwezi kurudi Burundi? Majibu hayajatoka. Watu wanasema yatatoka baada ya Pasaka.

Maswali yangu: Kuna tofauti gani kati ya kusimama "kuhusu utaratibu", kusimama kwa "taarifa" na kuomba "mwongozo"? Naona yote matatu ni kumkatiza mtu. Na je, msichana anaweza kumkatiza mtu mzima?

Wako,
Lyse


Gungu
15 Machi 2012

Lyse mpenzi,

Ndiyo, anaweza, mradi ajue amesimama kwa lipi.

Kuhusu utaratibu: unasimama kwa sababu kanuni imevunjwa. Si kwamba hukubali anachosema mtu, bali namna kikao kinavyoendeshwa si sawa. Mwenyekiti lazima akusikilize kabla ya jambo lingine lolote. Ndiyo silaha kubwa kuliko zote, usiitumie ovyo.

Taarifa: mtu anazungumza na kuna kitu hakijui. Unasimama unampa, ili asiendelee kukosea. Mwenyekiti anamwuliza kama anaipokea.

Mwongozo: hujui kanuni inasemaje, unaomba Mwenyekiti aeleze.

Nimemwuliza baba, anajua sana mambo ya vikao. Ni mtumishi wa serikali, tumetoka Bukoba kumfuata hapa. Siku hizi anarudi na majalada mpaka nyumbani, meza ya chakula haina nafasi.

Lyse, mama yako anaitwa nani, jina kamili? Na mko kijiji kipi? Naulizia tu. Mwalimu anataka majina ya wazazi kwa ajili ya fomu.

Kibali chako cha kutoka kambini kiombe mapema. Mapema sana, tafadhali.

Regina


Kambini
22 Machi 2012

Mpendwa Regina,

Mama ni Spesiosa Bigirimana, kijiji C. Mwalimu Asnath ameniambia hana fomu ya namna hiyo, nikadhani ni ya shule yako.

Hapa nimeambatanisha rasimu ya azimio. Vifungu vya utangulizi vitatu, vya utekelezaji vitano. Kifungu cha nne ni cha Mzee Bonifasi: kabla ya kumnyang'anya mvuvi kokoro, apewe kwanza nyavu za macho makubwa, kwa sababu huwezi kumfungia mtu mlango kabla hujamwonyesha mwingine. Nadhani ni kizuri. Ukikiona kibaya, kifanyie marekebisho, lakini unieleze sababu.

Kibali nimeomba. Karani amesema nirudi baada ya wiki tatu.

Nimekuwa nikifikiri jinsi tutakavyokutana. Nitakujuaje? Mimi ni mrefu, nina kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Nitavaa sketi ya bluu.

Lyse


Gungu
29 Machi 2012

Lyse,

Rasimu nzuri. Kifungu cha nne kibaki. Kifungu cha pili badilisha "inaomba" iwe "inasisitiza".

Nina mafua, siandiki sana.

R.


Kambini
14 Aprili 2012

Regina,

Jana kulikuwa na mkutano. Nitakueleza ulivyokwenda, kisha nitakuuliza jambo moja.

Tuliitwa watu wa vijiji B na C, uwanjani. Meza moja, watu wanne wamekaa. Aliyeongoza alikuwa ofisa mwenye miwani. Alisema majibu ya mahojiano yalishatoka tarehe 12 Machi. Familia mia mbili na kumi na moja zimeonekana hazina sababu ya kubaki, nazo zitarejeshwa kwa malori kuanzia Julai. Sisi tunaita gutahuka, kurudi nyumbani, neno ambalo zamani mama aliliimba. Akasoma majina. Mama yumo. Kisha akasema aliyetaka kukata rufaa alipewa siku thelathini, na siku hizo ziliisha juzi.

Watu walianza kulia na kupiga kelele wote kwa pamoja. Polisi wawili wakasogea. Sijui nilipata wapi miguu, Regina. Nilisimama nikanyoosha mkono kama ulivyonifundisha.

"Kuhusu utaratibu, Mwenyekiti!"

Ofisa akacheka. "Binti, hapa si shuleni."

"Si shuleni, Mwenyekiti, lakini ni mkutano. Umesema muda umekwisha. Naomba kumbukumbu za kikao zionyeshe tangazo hilo tulisomewa siku gani, na kwa lugha gani."

Kelele zikakatika. Calixte akasema kwa Kirundi nilichosema, ili wote waelewe. Mzee Bonifasi akainuka kwa fimbo yake, akasema, "Mimi naafiki." Hajawahi kulitamka neno hilo mbele ya watu.

Ofisa akamgeukia mtu wa mwisho mezani, mtu mzima, mnyamavu, mwenye majalada. "Bwana Polycarp, tangazo lilitoka lini?"

"Lilibandikwa tarehe 13 Machi," akasema.

Nikauliza, "Wapi, Mwenyekiti?"

Yule mzee hakuniangalia. "Ndani ya ofisi."

"Kwa lugha gani?"

"Kwa Kiingereza."

Ofisa akafunga mkutano. Hakuuliza wanaoafiki wala wasioafiki.

Regina, wewe ni Regina Polycarp. Tarehe 15 Machi uliniuliza jina kamili la mama yangu, kwa fomu ambayo haikuwepo. Baba yako huleta majalada nyumbani. Tarehe 29 ulikuwa na mafua.

Uliniandikia kwamba taarifa ni kumpa mtu asichokijua ili asiendelee kukosea. Mimi niliendelea kuandika juu ya nyavu.

Ulijua?

Lyse Inamahoro


Gungu
23 Aprili 2012

Lyse,

Nilijua.

Tarehe 14 Machi nilikuwa natandika meza, nikasogeza jalada likafunguka. Niliona orodha. Niliona majina ya wazazi wengi na sikujua kama la mama yako limo, ndiyo maana nikakuuliza. Ulipojibu, nililiangalia tena. Lilikuwepo, mstari wa sitini na mbili, "watu watatu".

Baba alinikuta nimelishika. Hakunipiga, hanipigi. Alisema, "Regina, mambo ya ofisini yanafia ofisini. Ukitoa neno moja mimi sina kazi, na ninyi hamna shule." Nikanyamaza.

Lakini siwezi kumsukumia yeye yote. Kuna jambo jingine na ninaona aibu kuliandika. Niliogopa kwamba ukijua, utaacha mdahalo. Nilitaka tushinde. Nilikuwa na wiki nne za kukuambia, nikazitumia kukurekebishia "inaomba" na "inasisitiza".

Sikuombi msamaha kwenye barua hii, maana ungekuwa ni mzigo mwingine juu yako. Ninakupa kitu. Jana baba alipokuwa kanisani nilisoma mwongozo wao, kitabu chenye jalada la kijani. Kanuni ya tisa inasema hivi, nimeitafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza:

"Uamuzi utasomwa kwa sauti, kwa lugha inayoeleweka na wahusika, katika kila kijiji cha kambi. Siku za rufaa hazitaanza kuhesabiwa kabla ya kusomwa huko."

Hamkusomewa mpaka tarehe 13 Aprili, Lyse. Siku thelathini zimeanza siku hiyo. Na kanuni ya kumi na moja inasema mtu anaweza kumkataa mkalimani na kuomba mwingine, bila kueleza sababu.

Andikeni upesi. Tajeni namba za kanuni. Msiseme mmezipata wapi. Wakijua kuwa ni mimi, wajue.

Regina


Kambini
10 Mei 2012

Regina,

Tumeandika. Familia kumi na tisa ndizo zilizothubutu. Mimi nimeandika barua kumi na tano kati ya hizo, Calixte nne. Ofisini walizikataa, Mzee Bonifasi akataja kanuni ya tisa, wakaingia ndani wakakaa muda mrefu, kisha wakatoka wakazipokea.

Ninakuambia sasa jambo ambalo nami sikukuambia, kwa sababu sikulijua. Mama alipohojiwa mwezi wa kumi na moja hakusema lolote. Aliulizwa kwa nini hawezi kurudi, akajibu, "Sijui." Mkalimani alikuwa mtu wa kilima chetu kule Burundi, shemeji wa mtu yule aliyekuja nyumbani na wenzake kumchukua baba yangu Niyibizi. Baba hakurudi. Mtu huyo sasa analima shamba letu. Mama angemtajaje mbele ya shemeji wa mtu huyo?

Safari hii, alipohojiwa tena kwa ajili ya rufaa, alimkataa mkalimani. Akaletewa mwanamke kutoka kambi nyingine. Mama aliongea kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, mimi nikiwa nje. Alipotoka alisema tu, "Nimemtaja." Akaenda kuchota maji kama siku zote.

Kibali changu kimekataliwa. Walio kwenye orodha hawapewi. Zambia utaisimamia peke yako. Soma kifungu cha nne polepole.

Sina la kukuandikia zaidi kwa sasa.

Lyse


Gungu
28 Mei 2012

Mpendwa Lyse,

Sijui kama unataka habari za juzi. Nakuandikia hata hivyo, kwa kuwa wewe ni mjumbe na mjumbe ana haki ya kumbukumbu.

Ukumbi ulijaa. Kwenye meza ya Zambia waliweka viti viwili na vibao viwili vya majina. Nilimwomba mhudumu asikiondoe cha kwako. Mwenyekiti alipoita nchi kwa majina, nilisema, "Zambia ipo, pungufu ya mjumbe mmoja."

Kifungu cha nne nilikisoma polepole. Wavulana wa Katubuka walisimama kuhusu utaratibu mara mbili, wakashindwa zote mbili. Kabla ya kura nilisimama. Nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kumbukumbu zionyeshe kwamba rasimu hii imeandikwa na Lyse Inamahoro, na kwamba hayupo hapa kwa sababu amenyimwa kibali cha kutoka kambini."

Mwenyekiti ni mwanafunzi tu, wa kidato cha sita. Alitazama wageni waliokaa mbele, akatazama kitabu cha kanuni. Akasema, "Hiyo si hoja iliyo mezani. Mjumbe akae." Mwalimu Asnath aliinamisha kichwa. Nikakaa.

Ikafuata kura. "Wanaoafiki waseme ndiyo." Ukumbi mzima ukasema ndiyo. Azimio lako limepita, Lyse. Mimi nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Kwenye kumbukumbu imeandikwa Zambia haikupiga kura.

Ofisini kwa baba wameuliza nani alitoa kanuni nje. Amesema hajui. Anajua. Amepewa barua ya onyo, na mwaka huu hatapandishwa cheo. Nyumbani namwamkia, anaitikia marahaba, basi. Wiki ya nne sasa. Mama ndiye anayebeba maneno kati yetu, kama Mwalimu anavyobeba barua.

Mmejibiwa?

Regina


Mabanda, Burundi
5 Agosti 2012

Mpendwa Regina,

Barua yako niliipata, nikashindwa kuijibu nikiwa kambini. Hii nimempa mama mmoja anayekwenda sokoni Manyovu, ataiposti upande wenu.

Tulijibiwa tarehe 20 Juni. Kati ya familia kumi na tisa, tano zimeruhusiwa kubaki. Mzee Bonifasi ni mmojawapo. Alikuja kwetu na jibu lake mkononi akawa haoni njia ya kufurahi, mama akamwambia, "Furahi, mzee, usituonee haya." Jibu letu lilikuwa na mistari miwili. Maelezo yamesikilizwa, uamuzi haubadiliki. Mama aliniambia nimsomee mara moja tu. Kisha akasema, "Lakini jina la mtu yule limeandikwa kwenye karatasi ya serikali. Miaka kumi na saba nilikuwa nalo tumboni." Sijui kama hilo linatosha. Yeye anasema linatosha, nami simbishii.

Hatukwenda kilimani kwetu. Tuko hapa Mabanda, kwenye chumba cha parokia. Calixte anafyatua matofali. Shule inafundisha kwa Kifaransa, wamenirudisha madarasa mawili, ninakaa na watoto. Wananiita Mtanzania. Kule waliniita Mrundi.

Kuhusu wewe. Nilikasirika sana, na hasira haijaisha, nisikudanganye. Siku nyingine ninahesabu wiki zile nne. Siku nyingine ninakumbuka zile familia tano, ninajua zisingebaki bila wewe. Siku hizo mbili hazijapatana bado. Ninaendelea nazo zote.

Lakini sikuandika kwa sababu hiyo. Naandika kwa sababu ya siku ya malori, tarehe 9 Julai.

Baba yako ndiye aliyekuwa akiita majina. Alipofika kwetu, "Spesiosa Bigirimana, watu watatu," alimpa mwenzake daftari, akaja mpaka tuliposimama. Mama alikuwa na godoro kichwani. Alilipokea, akalipakia mwenyewe kwenye lori. Kisha akaniuliza, "Wewe ndiye Lyse?"

"Ndiyo. Shikamoo, mzee."

Hakuitikia marahaba. Alivua kofia. Akasema, "Regina alikunyamazia kwa sababu nilimwamuru. Yeye ana miaka kumi na saba, mimi nina hamsini na mbili. Kosa hili si la mtoto." Nilimwambia angekuambia wewe, si mimi. Akasema, "Nimejaribu, mwanangu. Mara tatu nimekaa naye mezani nikiwa nimeyapanga maneno, naishia kuuliza kama chumvi imekolea. Ile kanuni aliyoitoa, nilipaswa kuisimamia mimi, mbele ya watu, siku ile ulipouliza. Nilikuwa naijua."

Lori likapiga honi. Alimpandisha mama, akanishika mkono nikapanda. Tulipoanza kuondoka alikuwa bado kasimama pale, kofia mkononi, na wenzake wakimwita arudi kwenye daftari.

Hakuniomba nikuambie. Nimeamua mwenyewe.

Akirudi kutoka kazini leo, usimngoje aanze kuzungumza. Hawezi. Anza wewe.

Lyse